Mtu wa Kumsindikiza Luqman

Jumatatu, 7 Aprili

Funga ya siku sita za Shawali nimeimaliza jana. Mvua haijafika. Mawingu yanapita juu yetu hapa Msambweni na kwenda kumwaga maji Kinango, ambako wanayahitaji kutushinda, kwa hiyo silalamiki.

Luqman amerejea nyumbani leo saa nne asubuhi. Ni mwanangu wa pekee, ana miaka ishirini na sita, na kazi yake ya hoteli huko Diani aliipoteza mwaka jana. Nilimwuliza amelala wapi. Akajibu, "Kwa mjomba." Kila ninapouliza, jibu ni hilo. Hapa ana chumba, kitanda, chandarua na shuka zilizofuliwa na mama yake. Kwa Boga analala juu ya magunia.

Boga ni kaka wa mke wangu, Mwanarusi. Anauza madafu kando ya barabara kuu.

Jumamosi, 12 Aprili

Chifu aliitisha baraza kuhusu vijana na dawa za kulevya. Nilifika mapema nikaketi mstari wa mbele. Mgeni alikuwa mshauri nasaha mmoja kijana, Purity, mwenyeji wa bara, ambaye Kiswahili chake kina mashimo lakini anakisema bila woga. Alituonyesha dodoso wanalolitumia kupima kiasi ambacho mtu amezama katika ulevi. Maswali si mengi. Umewahi kutumia nini. Miezi mitatu iliyopita umetumia mara ngapi. Umekuwa na hamu kubwa mara ngapi. Umeshindwa kutimiza majukumu yako mara ngapi. Kila jibu lina alama, na alama hujumlishwa.

"Lakini wazazi wangu," akasema Purity, "huu si mtihani. Hakuna anayepita, hakuna anayeanguka. Alama zinatuambia tu mtu anahitaji msaada wa aina gani."

Mimi nimesimamia mitihani kwa miaka mingi, na kila msimamizi huwaambia watahiniwa maneno ya kuwatuliza.

Boga alichelewa, akaingia na panga lake la madafu mkononi hadi askari wa chifu akamwomba aliache mlangoni. Hata hajaketi vizuri akauliza, "Binti, na mnazi umo katika hayo maswali?"

"Umo, mzee. Ni pombe."

"Na muguka, hii miraa ya majani?"

"Umo."

"Na mke? Maana mimi yule nimejaribu kumwacha, siwezi."

Ukumbi mzima ulicheka. Purity naye alicheka, akaandika jina lake. Mimi nilikuwa nimeuliza maswali mawili ya maana na hakuna aliyeandika langu. Baada ya baraza nilimwomba nakala ya dodoso. Alisita, akasema kwa kawaida huulizwa na mtu aliyefunzwa. Nilimweleza kuwa nimefunzwa tangu kabla hajazaliwa. Akanipa.

Jumatatu, 14 Aprili

Manyunyu. Nililisahihisha dodoso kwa kalamu nyekundu.

Jumatano, 16 Aprili

Leo nimempima Luqman mwenyewe. Nilimwekea kiti upande wa dirisha, nikaichukua simu yake, nikampa bilauri ya maji. Mwanarusi nilimwambia akae jikoni ili asimtie wasiwasi.

"Katika maisha yako," nikasoma, "umewahi kutumia kipi kati ya hivi: tumbaku, pombe, bangi, miraa, vidonge vya usingizi, heroini?"

"Tumbaku."

"Jibu kwa sentensi kamili."

"Nimewahi kutumia tumbaku, Baba."

"Heroini?"

"Sijawahi kutumia heroini."

"Katika miezi mitatu iliyopita, umekuwa na hamu kubwa ya kuitumia mara ngapi?"

"Kama sijawahi kuitumia, hamu itatoka wapi?"

Jibu lilikuwa na mantiki. Tuliendelea hadi mwisho na kwa kila swali la heroini niliweka sifuri. Alisinzia mara mbili kidevu kikigusa kifua, na mara zote mbili nilimwamsha. Nilipojumlisha, kwenye heroini hakuwa na alama hata moja. Nilimpeleka Mwanarusi karatasi jikoni.

Aliitazama, akarudi kuparuza nazi. "Na wewe umeamini?"

"Nimeandika alivyojibu."

"Nimekuuliza kama umeamini, Mwalimu."

Nikamwambia kwamba mtoto huyu ni wangu na hawezi kunitazama machoni akanidanganya. Mbuzi ya nazi iliendelea kulia.

Jumatatu, 21 Aprili

Masika yameingia kwa kishindo. Mabati ya choo yameng'oka.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilipotoka kuswali Ijumaa nilipita njia ya barabara kuu. Mvua ilikuwa imepumzika. Kwenye kibanda cha Boga nilimwona Luqman ameketi juu ya lundo la makumbi ya madafu, Purity ameketi mbele yake juu ya kreti ya soda, naye Boga anachonga madafu amewapa mgongo. Luqman alikuwa anazungumza.

Nilisimama upande wa pili chini ya paa la bucha. Sikusikia neno, magari yalikuwa mengi. Lakini niliuona mdomo wake. Haukutulia. Alikuwa akinyoosha mkono, akiurudisha, akijishika shingo. Mwanangu hajazungumza nami kwa muda kama ule tangu aanze kunyoa ndevu. Boga hakugeuka hata mara moja kumtazama. Alichonga tu, kana kwamba maneno yale ni redio.

Muuza nyama akaniuliza, "Mwalimu, nikupimie?" Nikanunua nyama nisiyoihitaji.

Purity alipoondoka, nilivuka. Luqman alikuwa ameingia nyuma ya kibanda kulala.

"Karibu, shemeji," Boga akasema. "La maji matamu au la nyama laini?"

"Sitaki dafu. Walikuwa wakizungumza nini?"

"Yale maswali ya binti. Kijana amejitahidi, wallahi. Thelathini na mbili. Purity amesema ni juu sana, yafaa apelekwe kituoni akaanze ile dawa ya kunywa kila siku, methadoni." Akanitazama, panga likiwa juu. "Si amekwambia? Nilidhani ameanzia kwako."

Nilisema kwamba bila shaka ameanzia kwangu. Nikaenda zangu na nyama.

Thelathini na mbili kwa Boga. Sifuri kwangu. Maswali ni yale yale. Ya kwangu hata yalikuwa yamesahihishwa. Nimeyaandika haya nikiwa nimetulia. Si ugonjwa wake uliokuwa ukinichoma njia nzima. Ugonjwa nilikwisha kuujua, nadhani, tangu aliposinzia dirishani. Kilichonichoma ni kwamba ukweli wake ameuweka juu ya makumbi, pembezoni mwa barabara, kwa mtu asiyeweza kuutunza hata akikabidhiwa kwenye bahasha.

Jumapili, 27 Aprili

Hitima ya marehemu mama mkwe ilifanyika leo nyumbani kwa dada mkubwa wa Mwanarusi. Yaliyotokea nitayaandika kwa utaratibu.

Zamani, kwetu Wadigo, mtoto alihesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu yake. Sharia imekwisha kulinyoosha jambo hilo: mtoto ni wa baba. Watu wa ukoo wa mke wangu husali kama mimi, hufunga kama mimi, na bado, linapokuja jambo la kijana, macho yao humwendea mjomba yenyewe.

Baada ya dua, pilau likiwa limepakuliwa, mzee mmoja wa ukoo, Alfani, akasema Luqman amekua, yafaa aozwe, na kwamba mke humtuliza kijana. Akamtaja binti mmoja wa Majoreni. Kisha akageuka, si kwangu, bali kwa Boga, akasema, "Mjomba wasemaje?"

Mimi nilikuwa nimeketi baina yao. Alizungumza kwa kupita juu ya kichwa changu kama mtu anayepitisha sahani.

Boga akacheka kidogo. "Mimi niseme nini na mwenyewe yupo? Na babake yupo."

Hilo "na babake yupo" ndilo lililoniwasha. Alinikaribisha katika jambo langu mwenyewe.

Nikasema, na sauti yangu ni ile ya gwaride, kwamba kabla ya kumwuliza mjomba habari ya kumwoza, wamwulize mjomba alama za mpwawe. Thelathini na mbili katika thelathini na tisa. Nikawaeleza ni alama za nini, na zinatokana na maswali gani, na kwamba kuanzia ishirini na saba mtu huyo ni mtumwa wa unga. Nikawaambia mjomba amelijua hili na ameketi anakula pilau.

Hakuna aliyetafuna. Luqman alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha katika sinia, taratibu, akaosha mkono, akasema, "Shikamooni wazee," akavaa viatu akatoka. Mvua ilikuwa inanyesha. Boga akainuka kumfuata bila kuosha wake.

Mwanarusi hajasema nami tangu tulipofika nyumbani.

Jumatatu, 28 Aprili

Hakurudi. Kwa Boga pia hayupo.

Jumanne, 29 Aprili

Hayupo. Mvua.

Alhamisi, 1 Mei

Hayupo. Nimekwenda polisi. Askari aliniuliza umri wake, nilipomjibu akaniuliza kama nina hakika ni mtoto. Mwanarusi ameninenea neno moja leo: "Kamtafute." Boga amemtafuta tangu Jumatatu.

Ijumaa, 2 Mei

Amepatikana.

Boga alinipitia asubuhi, kanzu ikiwa tayari mwilini mwangu. Akanitazama akasema, "Vua hiyo, shemeji. Tunakwenda kwenye matope, na huko wakiona kanzu watadhani wameletewa sheikh wa kuwasomea." Nilikwenda nayo.

Ukunda, nyuma ya mahali pa kuoshea magari palipofungwa, kuna maskani ya watumiaji wa unga. Walikuwa wanne wamejibanza chini ya turubai, mmoja akiwa na blanketi mchana kweupe. Nikawasalimu, nikajitambulisha kwa majina yangu matatu, nikaeleza kwamba namtafuta kijana Luqman Waziri, mrefu wa wastani, mwenye kovu kwenye nyusi ya kushoto, na kwamba yeyote mwenye taarifa anaombwa aitoe.

Yule wa blanketi akasema, "Mwalimu, hapa hatujafungua shule."

Wenzake wakacheka. Nikamtazama vizuri. Alikuwa Kahindi, nilimfundisha, alikuwa na mwandiko mzuri kupita wote.

"Kahindi," nikasema, "simama unapozungumza nami."

"Siwezi, Mwalimu. Arosto imenikata miguu." Arosto ni neno lao la maumivu ya kuikosa dawa. Alilisema bila aibu, kama mtu anayetaja malaria.

Boga alikuwa amekwisha kuchuchumaa. Aliketi kwenye tope lile lile, akamwuliza Kahindi kama mamake bado anauma mgongo, akatoa muguka mfukoni akaweka katikati. Hakumtaja Luqman. Wakazungumza habari za mvua, habari za mtu fulani aliyefungwa Shimo la Tewa, habari za unga wa siku hizi ambao umechanganywa na sijui nini. Nilisimama pale nikiwa nimeshika mwavuli, nikihesabu uvumilivu wangu. Ndipo Kahindi akasema mwenyewe, "Mpwao yuko ile nyumba isiyoisha, njia ya ufukweni, ya ghorofa. Tangu alfajiri haamki. Nilimtingisha. Nikaogopa."

Tulimkuta chini ya ngazi za saruji. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Alikuwa anapumua, lakini kwa nafasi, pumzi moja halafu unasubiri hadi unaanza kusoma shahada. Nilimwita jina lake. Nilimwita kwa sauti ya kuamrisha, kisha kwa sauti nyingine ambayo sikujua kwamba ninayo. Boga hakuita. Alimpiga makofi ya mashavu, akamketisha, akanigeuzia mgongo akasema, "Nipandishie."

Nikampandisha mwanangu juu ya mgongo wa Boga. Toka pale hadi barabarani alimbeba yeye, akiteleza, akitukana matope, akimwambia, "Pumua, mshenzi wewe, pumua, madafu yangu nani atayauza." Mimi nilikuwa nyuma nimewafunika na mwavuli. Kichwa cha Luqman kilikuwa kimelala katika shingo ya mjomba wake kama alivyokuwa akilala mtoto mchanga, na mimi, ambaye mwanangu alikuwa anakufa, niliuonea wivu mgongo.

Hospitalini walimchoma dawa ya kuzindua. Alifumbua macho kama aliyetolewa kisimani, akatapika, akalia. Muuguzi akauliza, "Mzazi ni nani kati yenu?" Boga alisogea pembeni akanionyesha mimi kwa kidevu.

Jambo hilo lilinifurahisha. Naliandika kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 6 Mei

Ameruhusiwa. Amelala chumbani kwake. Ameniamkia.

Ijumaa, 9 Mei

Kituo cha methadoni. Tulikwenda wote: mimi, Boga, Luqman. Mwanarusi alibaki akifanya dua.

Purity alisema itabidi maswali yarudiwe kwa sababu hali imebadilika. Akamwuliza Luqman nani angependa akae naye ndani. Luqman akasema, "Wote wakae." Nikakaa kiti cha mbele.

Huyu binti anauliza tofauti nami, sina budi kukiri. Hakushika kalamu. Alikuwa anauliza halafu anatazama mikono yake mwenyewe, kama mtu anayesubiri chai ipoe. Luqman akajibu. Kila siku. Mara tatu kwa siku. Ndiyo, sindano, tangu mwezi wa pili. Hamu, kila siku, hata sasa hivi. Majukumu, akacheka, yapi. Nilisikia maisha ya mwanangu yakipita mbele yangu kwa majibu mafupi, na hakuna hata moja lililokuwa sentensi kamili.

Kisha akauliza, "Kuna ndugu, rafiki, au mtu yeyote ameonyesha kuwa na wasiwasi juu ya wewe kutumia?"

"Ndiyo," akasema Luqman. "Mjomba."

"Mwingine?"

"Mama."

"Mwingine?"

Luqman akatazama zulia.

"Mimi nimesema mara ngapi?" nikauliza. "Nimekemea, nimeonya, nimekuitia masheikh. Nimekwenda polisi."

"Mwalimu," akasema Purity, kwa upole, "swali ni lake."

"Baba alisema," Luqman akamjibu yeye, si mimi. "Alisema kwenye hitima."

Boga akajikuna goti.

Mwisho wakaeleza masharti. Dawa hunywewa pale pale, mbele ya muuguzi, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Miezi ya mwanzo ndiyo migumu, kwa hiyo kila mgonjwa hutaja mtu mmoja wa kumsindikiza, atakayepigiwa simu asipoonekana. Purity alisema awe mtu ambaye mgonjwa anaweza kumwambia hata siku aliyoanguka akatumia tena.

Mimi ni mstaafu. Asubuhi zangu zote ni tupu. Sili muguka, sijapata kuonja mnazi, saa yangu haijapata kuchelewa. Nilikwisha kunyoosha mgongo ili nikubali.

"Mjomba Boga," akasema Luqman.

Nimejaribu usiku kucha kutafuta kosa katika uchaguzi huo, nami nimeyapata mengi. Boga huchelewa. Boga hutafuna. Boga aliingia barazani na panga. Boga hawezi kusoma karatasi ya masharti aliyoitia kidole. Kila kosa ni la kweli na hakuna linalonisaidia.

Jumatatu, 12 Mei

Wamekwenda. Niliwatazama kutoka dirishani. Walikuwa wanacheka.

Alhamisi, 15 Mei

Wamekwenda. Mvua kubwa. Nilimpa Luqman mwavuli wangu. Jioni Boga ndiye aliyeurudisha, umevunjika ubavu mmoja.

Jumanne, 20 Mei

Kwenda na kurudi huwachukua hadi adhuhuri imepita, kwa sababu ya foleni na mafuriko ya darajani. Kibanda cha Boga hufungwa muda wote huo, na msimu wa mvua madafu hayanunuliwi sana hata kikiwa wazi. Wateja wake wa bodaboda wamehamia kwa Tsuma, muuza madafu wa upande wa pili. Mwanarusi ananiambia mke wa Boga amelia kwake jana, wanakula muhogo mkavu.

Nilimwambia Mwanarusi kwamba ni jambo la kusikitisha.

"Hujasikitika," akasema.

Kweli sikusikitika. Nilifikiri: atachoka.

Jumamosi, 24 Mei

Amechoka. Leo hakutokea. Alikuwa amekwenda Mkongani na mkwezi wake kutafuta madafu ya bei nafuu. Nilikuwa nimevaa tayari, nikamwambia Luqman, "Twende."

Alikuja. Alitembea nami hadi stendi. Nikamwuliza kama jana amekuwa na hamu. Nikamwuliza ilikuwa mara moja au mara nyingi, maana jibu hutofautiana kwa alama. Nikamwuliza kama Kahindi amempigia simu. Nilikuwa nimepanga maswali tangu alfajiri na nilitaka kuyamaliza kabla ya safari. Tulipofika alisema anakwenda kujisaidia nyuma ya msikiti. Nilisubiri hadi magari matatu yakajaa na kuondoka.

Jumapili, 25 Mei

Boga hayupo bado. Luqman alikataa kufungua mlango wa chumba chake. Nimesikia akitapika, na meno yakigongana. Nilisimama nje ya mlango nikamsomea Yasini. Aliniomba niache.

Jumatatu, 26 Mei

Purity alinipigia simu kabla ya saa mbili. Alisema siku mbili zimekosekana, na akikosa ya tatu itabidi dozi ianzwe upya kutoka chini, na wengi wakifika hapo hawarudi, hurudi maskani. Hakunilaumu. Aliniuliza tu Mzee Boga yuko wapi, maana asubuhi ile simu yake ilikuwa haiingii.

Boga alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani, matope hadi magotini, macho mekundu. Alisimama mlangoni asiketi.

"Shemeji," akasema, "nimeshindwa. Mchukue wewe. Uliitaka kazi hii, nami nilijua, sikusema tu. Mimi nina watoto wanne na kibanda kimoja. Nimezungumza na Luqman jana kwenye simu, nimemwambia atakwenda nawe. Amesema sawa."

Luqman alikuwa ametoka chumbani. Alisimama kwenye korido akijikumbatia, jasho likimtiririka ilhali mvua imeleta baridi. Aliposikia "mchukue wewe" hakubisha. Aliinamisha kichwa kama mtoto anayesikia matokeo yake yakisomwa. Nilimwona waziwazi akienda nami hadi stendi leo, na kesho, na siku moja akiingia nyuma ya msikiti asitoke.

Jambo hilo lilikuwa limewekwa mkononi mwangu. Boga mwenyewe, mbele ya Mwanarusi, amesema ni langu. Nilitamani kulikunjia vidole. Nilitamani sana.

"Dafu," nikamwambia Boga, "hukatwa kuanzia wapi?"

Hakuelewa.

"Nakuuliza hukatwa kuanzia wapi. Juu au ubavuni? Nipe ufunguo wa kibanda. Wewe nenda naye, gari la saa mbili bado halijaondoka."

Boga akanitazama kanzu, akatazama mikono yangu. "Shemeji, utajikata."

"Nitajikata. Nendeni."

Mwanarusi alikuwa amekwisha kumvika Luqman koti.

Jumatatu, usiku

Nimejikata. Kidole gumba cha kushoto, si sana.

Alhamisi, 29 Mei

Panga halina heshima. Unaliinua ukiwa mwalimu mkuu mstaafu, linashuka unapotaka lisishuke. Tsuma aliketi upande wa pili akinitazama kama mtu aliyelipa kiingilio.

"Mwalimu," akanipigia kelele, "hilo ni dafu au ni mwanafunzi? Mbona unalipiga hivyo?"

Waendesha bodaboda wawili waliniacha nimalize kuliharibu, wakalinywa kwa kunihurumia. Mmoja wao nilipata kumchapa kwa kuchelewa. Akasema, "Shikamoo Mwalimu, nimefika mapema leo." Nikaitikia marahaba.

Luqman na Boga wanapita asubuhi, wanarudi mchana. Kila wanapotokea pale kwenye kona, wamekaribiana, wanazungumza, na wakinikaribia mazungumzo hukatika. Nimeliona hilo kila siku. Bado linaniuma pale pale lilipoanza kuniuma, upande wa bucha.

Jumanne, 3 Juni

Jua la kwanza la kweli. Niliuza yote. Tsuma hakusema kitu.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Kituo hakifungwi, nao wakaenda. Niliswali, nikachinja, nikaja kibandani na kanzu mpya. Mwanarusi amesema doa la utomvu wa dafu halitoki. Purity amempima tena Luqman na, kwa idhini yake, akaniambia hali inaelekea pazuri. Alama hakuniambia. Sikumwuliza, ingawa nilikuwa nimefungua mdomo.

Alhamisi, 12 Juni

Mchana Boga alishuka garini kituo cha nyuma kununua sabuni, Luqman akatangulia peke yake. Nilikuwa nachonga. Alikaa juu ya makumbi. Nilidhani anamsubiri mjomba wake, kwa hiyo niliendelea na kazi, nikampa mgongo, kwa sababu dafu lile lilikuwa gumu na lilihitaji macho yangu yote.

"Nilianguka juzi," akasema.

Panga lilikuwa limesimama hewani.

"Mara moja tu. Kahindi alikuwa nayo. Nilimwambia mjomba jana, amesema nikwambie mwenyewe. Kituoni pia nimewaambia. Hawakunifukuza."

Maswali yalikuja yote kwa pamoja, yamejipanga. Wapi, saa ngapi, kiasi gani, na kwa nini mjomba jana na mimi leo. Hilo la mwisho ndilo lililosukuma kuliko yote. Nilishusha panga. Lilikata vizuri, maji hayakumwagika.

"Kunywa," nikamwambia, nikimpa bila kugeuka sana.

Alikunywa. Nikasikia koo lake. Kisha akaanza kusema mengine, polepole, kuhusu siku ile ya nyumba isiyoisha, kuhusu ngazi, kuhusu sauti aliyoisikia ikimwita kwa mbali asijue ni ya nani. Boga alitokea kwenye kona na sabuni yake, akatuona, akavuka barabara akaenda kuketi kwa Tsuma.

Sikugeuka hadi alipomaliza; nimechonga madafu saba bila mteja hata mmoja, na yote yameharibika.